Kupunguza Maneno Si Kugeuza Maana

Katika kujitayarisha kwa mtihani wa ufahamu wa Kiingereza, wanafunzi wengi hufanya zoezi la kurahisisha sentensi: huchukua sentensi ndefu wakaigawa kuwa fupi fupi. Zoezi hili lina manufaa, kwani humlazimisha msomaji kumtafuta mtenda na kitendo chake. Lakini namna litendwavyo ina kasoro, nayo yafaa ielezwe.

Tuitazame sentensi hii: "The chief, who had hardly slept, refused to leave unless the rain stopped." Mwanafunzi mmoja aliirahisisha hivi: "The chief slept hard. He refused to leave. The rain stopped." Sentensi zake ni nyepesi na sarufi yake ni safi, hata kalamu yangu ilikuwa karibu kuzitia alama ya sahihi. Kumbe si za kweli! Mzee yule alipata usingizi kidogo sana. Mwanafunzi anasema alilala fofofo. Wala hatukuambiwa kuwa mvua ilikatika. Neno "hardly" alilidhani kuwa sawa na "hard", na "unless" akalitupa kwa kuwa lilimsumbua.

Maneno kama hayo ni uzi uliounganisha ukili wa mkeka. Ukiukata, ukili wote utabaki mkononi mwako, lakini mkeka huna.

Mwaka 1930 Mwingereza C. K. Ogden alitoa orodha ya Kiingereza chepesi chenye maneno 850 tu. Vitenzi alivipunguza vikabaki 18. Lakini "if", "though" na "because" aliyaacha yakae. Neno "unless" halimo katika orodha hiyo, ila "if" na "not" yamo, nayo yakishikana huifanya kazi ile ile. Basi mwanafunzi wetu angaliweza kuandika: "The chief had slept very little. He said he would not leave if the rain did not stop." Hapo maneno ni mepesi, na habari ni ile ile.

Kwa hiyo, umalizapo zoezi, jiulize: je, mtu aliyesoma sentensi zangu peke yake atajua yale yale aliyoyasema mwandishi? Mtihani utapita, lakini "unless" utalikuta tena katika mkataba wa kazi na juu ya chupa ya dawa, na huko hapana mwalimu wa kukusahihisha.