Kidani cha Bibi Khadija

Mwanafunzi aanzaye kusoma tenzi za Kiswahili juu ya Mtume Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake wa kwanza, hupata upesi picha moja. Humwona Sayyidna Ali juu ya farasi, upanga mkononi, na maadui wakianguka kulia na kushoto. Humwona Jaafari bin Abi Talib aliyeuawa Muuta, na Hamza aliyechomwa mkuki Uhud. Baada ya muda huanza kuamini kwamba hao ndio watu wote waliokuwako, na kwamba kazi yao yote ilikuwa ni kupigana. Wala kosa si lake, ndivyo tulivyomsomesha.

Makala haya yakusudia kuleta hoja moja tu. Katika habari za jamaa za Mtume kipo kisa cha binti yake Zainabu na mumewe Abul-As bin Rabii, ambacho kwa ubora wa usimulizi chashinda vingi vilivyotungiwa tenzi ndefu. Tenzi tuzisomeshazo zaidi hazikusimama mbele ya kisa hicho. Kuachwa kwake, nadhani, kwatuonyesha mpaka wa utungaji wetu wa zamani, na kwatuonyesha zaidi mpaka wa uhakiki wetu.

Kwanza tuwape watungaji haki yao. Mwengo bin Athumani, mwenye Chuo cha Herekali kiitwacho pia Utendi wa Tambuka, ambacho nakala yake kongwe ni ya mwaka 1728, alitunga kwa ajili ya mfalme wa Pate, na jumba la mfalme lilitaka vita. Mgeni bin Faqihi alipotunga Rasi 'lGhuli, utenzi wa beti zaidi ya 4,000, alifuata habari za Kiarabu za kutekwa kwa Yemeni, ambazo zenyewe zimejaa mashujaa na miujiza. Haji Chum, ambaye utenzi wake wa Vita vya Uhud ulihaririwa na H. E. Lambert na kuchapwa mwaka 1962, alichagua kisa ambacho jina lake lenyewe ni vita. Watungaji hawa walichota katika maghazi, yaani habari za mapigano, na kwa msikilizaji aliyeketi barazani usiku hakuna kishikacho sikio kama mapigano. Sina ugomvi nao.

Zipo pia tenzi za msiba. Hemed bin Abdallah el-Buhriy alimtungia Seyyidna Huseni bin Ali, aliyeuawa Karbala mwaka 680, utenzi ambao J. W. T. Allen aliutoa mwaka 1965. Na kutawafu kwa Mtume mwenyewe kumeimbwa na kuliliwa. Kwa hiyo jamaa za Mtume huingia katika tenzi zetu kwa milango miwili, uwanja wa vita na kitanda cha mauti. Mlango wa tatu, ule wa nyumba wakaamo watu walio hai, umefunguliwa mara chache.

Sasa kisa chenyewe. Nakifuata kama kilivyo katika Sira ya Ibn Is-haka, aliyefariki karibu na mwaka 767, ambayo imetufikia kwa mkono wa Ibn Hishamu, aliyefariki mwaka 833. Abul-As alikuwa mfanyabiashara wa Makka, mtu wa mali na wa amana. Mama yake, Hala, alikuwa dada wa Bibi Khadija. Basi alipomwoa Zainabu alioa kwa jamaa, na ndoa hiyo ilifungwa kabla ya wahyi kushuka. Wahyi uliposhuka Zainabu aliamini pamoja na mamaye. Abul-As alibaki katika dini ya wazee wake. Makureshi walimtaka amwache mkewe, wakamwahidi mwanamke yeyote amtakaye katika kabila lao, akakataa. Mtume alipohamia Madina, Zainabu alibaki Makka kwa mumewe, na mwaka 624 Makureshi walipotoka kwenda Badri, Abul-As alitoka nao, akapigana upande wa maadui wa mkwewe, akatekwa.

Watu wa Makka wakaanza kupeleka fidia za mateka wao. Zainabu naye akapeleka mali ya kumkomboa mumewe, na ndani ya mali ile akatia kidani ambacho Bibi Khadija alimvisha siku alipoingia kwa mumewe. Bibi Khadija alikuwa amekwisha kufa mwaka 619. Mtume alipokiona kidani kile alilainika moyo kwa huruma kubwa, akawaambia wenziwe kwamba wakiona vema kumwacha huru mateka wa Zainabu na kumrudishia mali yake, na wafanye hivyo. Wakakubali.

Msomaji na aangalie jinsi habari hii ilivyosemwa kwa maneno machache. Kidani kinatuarifu kwamba binti ametoa kitu cha mwisho alicho nacho. Kwamba mwenye kukinunua au kukivisha hayuko tena. Kwamba aliyefungwa kwa kamba miongoni mwa maadui ni mtoto wa nyumba ile ile. Msimulizi haelezi hata moja katika hayo. Hatwambii Zainabu alifikiri nini alipokivua, wala kama alikusudia babaye akione. Anaweka kitu mbele ya macho ya mtu, kisha anatwambia mtu yule alilainika. Mtungaji dhaifu angetia hapa hotuba ya beti ishirini.

Tena liko jambo la pili, ambalo wasomaji wengi hulipita mbio. Mtume haamuru. Mateka ni mali ya waliomteka, na fidia ni haki yao. Hivyo huruma ya baba yabidi ipite kwanza katika idhini ya watu. Kisa kizima kina tabia hii: kila mtu ana haki fulani ambayo haiwezi kurukwa, hata na apendwaye kuliko wote.

Abul-As akafunguliwa kwa sharti kwamba atamwacha Zainabu aende Madina. Hapa ndipo ajapo Hindi binti Utba, na hapa ndipo nionapo kipande kilicho bora kuliko vyote. Wasomaji wa Kiswahili wamjua Hindi kwa Uhud tu: ndiye mwanamke wa ini la Hamza, na jina lake limekuwa kama jina la ukatili. Lakini mwaka mmoja kabla ya Uhud twamkuta Makka akikutana na Zainabu anayejitayarisha kwa safari. Hindi ametoka kufiwa Badri na baba yake, ami yake na ndugu yake, wote kwa mikono ya watu wa upande wa babaye Zainabu. Anamwuliza kama ni kweli anakwenda kwa baba yake. Kisha anamwambia kwamba akihitaji kitu chochote cha kumfaa njiani, au mali ya kumfikisha, asimwonee haya, maana yaliyo baina ya wanaume hayaingii baina ya wanawake.

Zainabu alikana kwamba anasafiri. Na yeye mwenyewe ndiye aliyesimulia baadaye kwamba aliamini Hindi alisema kwa nia ya kutenda, ila alimwogopa. Sikumbuki katika tenzi zetu mahali ambapo adui hupewa sauti ya namna hii, wala ambapo mtu mwema hukiri kwamba alisema uongo kwa kumwogopa mtu ambaye siku ile hakustahili kuogopwa. Asomaye Uhud baada ya kusoma kipande hiki hatamsamehe Hindi kwa alilolifanya, lakini hatamwona tena kama kinyago cha uovu. Atamwona mwanamke aliyekuwa na wema wa kutoa, kisha akautupa.

Safari yenyewe ilikuwa ya balaa. Zainabu alitoka mchana juu ya ngamia, akiongozwa na shemeji yake Kinana. Makureshi wakawafuata, na Habbari bin Aswadi akamtisha kwa mkuki hali yumo ndani ya machela. Akaharibikiwa na mimba. Kinana akapiga goti, akamwaga mishale yake chini, akaapa kwamba atakayekaribia atapata wake. Abu Sufyani ndiye aliyetuliza, kwa maneno ya mtu mzima wa mji: kwamba hawana haja ya kumzuia binti asiende kwa babaye, ila kumtoa mchana hadharani baada ya msiba wa Badri ni kuwafedhehesha, basi amrudishe, na sauti zikitulia amtoe usiku kwa siri. Ikawa hivyo. Nataja jambo moja tu la usimulizi: pale penye habari ya mimba, Ibn Is-haka anatia neno la kusema kwamba ndivyo watu wanavyodai. Katikati ya tukio la kuliza, msimulizi anakumbuka kupima ushahidi wake. Tabia hiyo tenzi hazinayo, na pengine hazikupaswa kuwa nayo.

Ikapita miaka. Abul-As alirudi kutoka Shamu na mali ya biashara, yake na ya watu wa Makka waliomwamini, kikosi cha Waislamu kikaiteka mali ile. Yeye akaponyoka, akaingia Madina usiku, akaenda kwa Zainabu kutaka hifadhi. Alfajiri, Mtume alipokwisha kuhirimia sala na watu pamoja naye, sauti ilitoka katika safu ya wanawake: Zainabu alitangaza kwamba amempa hifadhi Abul-As bin Rabii. Sala ikaendelea mpaka mwisho. Mtume alipotoa salamu aliwauliza watu kama wamesikia alichokisikia yeye, akaapa kwamba hakuwa na habari mpaka wakati ule, na kwamba hifadhi ya Mwislamu yeyote, hata wa chini kabisa, yawafunga wote.

Kwa mara ya pili Mtume aliwaomba watu wala hakuwaamuru. Na watu wakarudisha. Hapa msimulizi, ambaye hata sasa amebana maneno, anakunjua mkono. Anavihesabu vitu: huyu analeta ndoo ya ngozi, yule kiriba kikuukuu, yule chombo cha kutawadhia, mwingine hata kijiti cha kufungia mizigo. Baada ya kidani cha dhahabu ya mapenzi, kijiti! Ndivyo haki inavyoonekana inapotendwa na watu wa kawaida. Hurudi na vitu vidogo vidogo visivyokuwa na thamani.

Abul-As akaichukua mali yote mpaka Makka, akampa kila mtu chake, akawauliza kama amebaki mwenye kumdai. Walipojibu hapana, hapo ndipo alipotamka shahada mbele yao, akawaambia kwamba kilichomzuia kusilimu Madina ni kuogopa wasije wakadhani ametaka kula mali zao.

Katika tenzi za maghazi kafiri ana njia mbili: kusilimu chini ya upanga au kufa. Abul-As hakubaliani na njia hizo. Alipigana upande mbaya, alimpenda mkewe, alitunza amana za watu wasioamini, na imani yake aliichelewesha kwa sababu ya madeni. Watu wa pwani yetu waliishi kwa biashara ya majahazi na kwa kuaminiana mali za watu. Nashangaa kwamba mtu huyu hakupata mtungaji miongoni mwao.

Wengine watasema bahari ya utenzi, kwa mizani yake minane na mwendo wake wa haraka, haifai kwa kisa cha kimya. Hoja hii haisimami. Mwana Kupona aliitumia bahari hiyo hiyo mwaka 1858 kumuusia binti yake, na wala hakuhitaji farasi. Mwenye kosa si bahari. Naona sisi wahakiki tuna sehemu yetu. Tangu Jan Knappert atoe Four Swahili Epics mwaka 1964, kipimo cha utendi wa mashujaa kimekaa madarasani, na tukisha kuita kitu utendi wa shujaa, twamtafuta shujaa. Mwaka mmoja nilipokisoma kisa hiki na wanafunzi, mmoja aliuliza shujaa ni nani, nami nikajikuta naanza kumtafuta: Kinana mwenye mishale, au Abul-As? Ilipita saa nzima kabla sijaona kwamba nilikuwa nimekubali swali lisilofaa. Katika kisa hiki watu hupitishiana mkononi kidani, mkuki, hifadhi, kijiti. Hakuna awashindaye wenziwe.

Mafakihi wana swali lao juu ya mwisho wake. Riwaya moja yasema Mtume alimrudishia Abul-As mkewe kwa nikahi ile ya kwanza, nyingine yasema kwa nikahi mpya na mahari mapya, na wanavyuoni wamejadiliana kwa ajili ya hukumu. Kwa msomaji wa fasihi, ya kwanza ndiyo inayokamata uzi wa kidani: arusi aliyoivisha Bibi Khadija haikuvunjika. Lakini hiyo ni hukumu ya sikio langu, wala si ya sheria.

Hawakukaa pamoja siku nyingi. Zainabu alifariki mwaka 629, na mumewe akamfuata miaka michache baadaye. Walimwacha binti, Umama. Imepokewa kwamba Mtume alisali na watu huku amembeba mtoto huyo. Akisujudu humweka chini, akisimama humchukua tena. Kidani kilirudi kwa Zainabu pamoja na mali yake. Baada ya hapo kisa hakikitaji tena.