Biri ya Grant, kiko cha Mwairishi, fimbo ya mfugaji

Mchoraji wa vibonzo anapewa nafasi ndogo gazetini na msomaji mwenye haraka. Akimchora kiongozi, sharti tumtambue kabla hatujasoma neno hata moja. Wachoraji wa Marekani wa karne ya 19 walilimaliza tatizo hilo kwa tumbaku, na namna walivyofanya inatugusa sisi wa Ifakara, katika bonde la Kilombero nchini Tanzania, ambako kila msimu kuna anayechora ugomvi wa ardhi.

Chukua Ulysses S. Grant, jenerali wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani aliyekuja kuwa rais. Februari 1862 aliiteka ngome ya Fort Donelson, na magazeti yakaeneza habari kwamba jenerali huyo alikuwa vitani na biri. Kabla ya hapo, kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa akivuta kidogo tu. Wananchi wakafurahi, wakampelekea biri kwa masanduku. Baadaye alikadiria kuwa alipokea kama 10,000. Akawa mvutaji hasa. Alifariki Julai 1885 kwa saratani ya koo.

Kwa mchoraji, Grant alikuwa mtihani. Sura yake ilikuwa ya kawaida, ndevu fupi, koti jeusi. Majarida kama Harper's Weekly yalichapishwa kwa vibao vya mbao ngumu: mchoraji, mathalani Thomas Nast, alichora juu ya kibao, kisha mafundi wakachonga na kuondoa kila sehemu iliyotakiwa kubaki nyeupe. Kilichobaki kimeinuka ndicho kilichoshika wino. Katika kazi ya namna hiyo, ndevu nyeusi na koti jeusi huungana kwa urahisi vikawa doa moja. Biri inaokoa. Ni mstari mfupi ulionyooka, unatoka nje ya ndevu na kuvunja ukingo wa uso. Hata ungekipaka kichwa chote wino, ungejua ni nani.

Lakini ubora wa alama hiyo haukuwa katika kumtambulisha tu. Grant aliivuta kweli, mbele za watu, na watu waliipenda. Mchoraji hakumbandika kitu. Alikiazima kutoka mkononi mwake. Ndiyo maana alama ileile iliweza kumsifu vitani na kumsuta ikulu, bila mstari kubadilika, kwa sababu utulivu wa mvutaji katikati ya risasi unasomeka kama ujasiri, na utulivu huohuo katikati ya wizi wa kodi unasomeka kama uzembe.

Tazama alichofanya Joseph Keppler katika jarida la Puck, Februari 1880, Grant alipokuwa akitafutwa kwa muhula wa tatu. Amemchora kama mwanasarakasi anayening'inia juu kwenye pete, na pete hizo zina majina ya magenge ya ufisadi ya utawala wake, likiwemo lile la kodi ya wiski. Mdomoni ameuma mkanda ulioandikwa "ufisadi", na wapambe wake wananing'inia kwenye mkanda huo. Jicho lililozoea kwa miaka 18 kuona biri kwenye meno hayo linakuta ufisadi mahali pake. Nadhani hiki ndicho kilele cha ufundi wa tumbaku katika vibonzo vya Marekani: kuiondoa, ukaacha pengo lake lifanye kazi.

Sasa kiko. Wachoraji wa zama hizohizo walipomchora mhamiaji wa Kiairishi walimpa kiko kifupi cha udongo na uso wa nyani. Nast, aliyemtendea Grant kwa heshima, aliwachora Waairishi kwa nyuso hizo tena na tena. Kiko hakikumtambulisha mtu yeyote. Kilifuta watu wote wakabaki mmoja, mlevi na mgomvi, na msomaji akaacha kuuliza kosa ni la nani. Kwa mkono, biri na kiko ni kazi moja. Kwa haki, ni kazi mbili zinazopingana.

Hapo ndipo bonde letu linapoingia. Mwishoni mwa 2012 mifugo iliondolewa Kilombero kwa operesheni, na ugomvi wa wakulima na wafugaji haujaacha kuchorwa. Mfugaji anachorwa kwa shuka na fimbo, hana uso. Mkulima anachorwa na msokoto mdomoni, macho yamelegea. Mimi nimeona jioni ya kwenye dungu: mzee anayelinda mpunga dhidi ya nguruwe pori anasokota tumbaku yake polepole, kidole gumba kikibana karatasi, ili usingizi usimchukue kabla ya alfajiri. Msokoto huo ni wa mtu aliye kazini. Ukiutoa pale ukamchomekea mkulima yeyote, umemchora mvivu ambaye hayupo.

Gado, mchoraji wa vibonzo mzaliwa wa Dar es Salaam, alionyesha njia nyingine Kenya. Uhuru Kenyatta na William Ruto walipokuwa na kesi The Hague, aliwachora wakiburuta mnyororo wenye tufe la chuma. Mnyororo ulikuwa wa kesi ile na wa watuhumiwa wale. Haukumgusa Mkikuyu wala Mkalenjin mwingine.

Kwa mchoraji wa Ifakara anayetaka kuuchora mgogoro wa shamba na malisho, ningesema aanze kwa kutafuta mhuri. Penye eneo moja lililogawiwa watu wawili, kuna aliyegonga karatasi mbili. Mpe huyo mhuri, uwe mkubwa kuliko mkono wake, wino ukidondokea kwenye ramani. Fimbo na msokoto vibaki kwa wenyewe, na wenyewe wapewe nyuso.