Mti wa Mpangaji

Mpangaji hapandi mti. Nyalenda, Manyatta, Kondele, popote Kisumu penye nyumba za kupanga, hilo linajulikana hata kama halikuandikwa kwenye mkataba. Mti ukishaingia ardhini ni wa mwenye ploti. Ndiyo maana watu hupanda sukuma wiki kwenye gunia na vitunguu kwenye karai lililotoboka, vitu vinavyoliwa kabla kodi haijapanda. Lakini pita polepole, na mlangoni pa mtu utaiona ndoo ya rangi ya lita 20 imesimama juu ya mafiga matatu. Ndani yake umo mfranjipani, mti kamili wenye shina nene la kijivu na maua meupe yaliyoiva manjano katikati. Mwenyewe yuko ndani anapika, na siku akihama, atauhamisha kwa mkokoteni pamoja na godoro.

Nausifu ufundi huu kwa sababu hausifiwi. Kwenye vitalu vya kando ya barabara wanunuzi huulizia grevilea, parachichi na maembe ya kupandikiza. Franjipani hukaa safu ya nyuma, na asiyeujua hudhani ni vijiti vya kushikilia nyanya.

Asili yake ni Meksiko, Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi. Wataalamu wa mimea wanauita Plumeria, kwa kumuenzi Mfaransa Charles Plumier, na huko pwani yetu wapo wanaouita msanapichi. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo baridi ya kuuua haipo. Kinachouua hapa ni maji. Udongo mweusi wa nyanda za Kano unaujua kila aliyewahi kupoteza kiatu humo: masika unanata na kuyashikilia maji, kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Mizizi ya mfranjipani haiwezi kukaa kwenye tope, huoza. Ndoo basi, ambayo mpangaji anaitumia kwa kukosa ardhi, inaufaa mti huu kuliko shamba la jirani mwenye hati.

Kazi huanza na kisu. Mama mmoja wa kitalu ninayependa kumtazama hukata tawi la urefu wa mkono, chini kidogo ya mahali lilipokomaa likawa la kijivu, kisha husogea pembeni kuuacha utomvu mweupe udondoke. Utomvu huo unawasha, na watoto hufukuzwa kwanza. Majani anayatoa yote. Halafu hafanyi kitu. Vijiti anaviweka kivulini chini ya mabati, wiki moja au mbili, mpaka kidonda kikauke kabisa. Kijiti kibichi kikiingia udongoni kimeoza, na mwenye haraka huishia kumwagilia mzoga.

Mchanganyiko wake ni mchanga mwingi wa mtoni, kokoto ndogondogo na samadi kiasi, ile iliyooza ikaisha harufu. Wapo wanaotia mboji ya gugu maji lililovutwa ufukweni. Nalo lilitoka Amerika, ile ya Kusini, na tangu miaka ya 1990 limekuwa likiifunika Ghuba ya Winam na kuzizuia mashua za wavuvi. Kulilisha kwa ua naona ni kisasi cha haki.

Ndoo hutobolewa kitakoni kwa msumari uliochomwa motoni, matundu mengi. Mafiga yapo ili matundu hayo yapumue. Sahani ya kukinga maji chini, kama zile za maua ya ofisini, haiwekwi: kwenye mwambao huu wa malaria, maji yaliyotuama hayaachwi mlangoni pa mtu.

Baada ya hapo ni subira, na hapa ndipo wengi hushindwa.

“Mama, hii si imekufa?” mteja aliuliza mbele yangu, akinyooshea kidole kijiti kitupu.

“Haijakufa, baba. Imelala tu. Wacha hivyo.”

“Sasa nimwagilie lini?”

“Ukiona jani.”

Mama alikibinya ncha kwa vidole viwili. Kijiti kizima ni kigumu, kilichooza hubonyea. Mashaka yakibaki, hukwangua ganda kidogo kwa ukucha aone kijani. Ndoo zenye miti mikubwa yeye hazipimi kwa kidole udongoni. Huinua ukingo mmoja kidogo kwa mkono, uzito unamwambia kama maji yapo.

Januari na Februari, jua la kiangazi likiwaka, mfranjipani huweza kupukutisha majani ukabaki matawi yaliyovimba ncha. Wageni hutoa pole. Mwenye mti hapo hupunguza maji badala ya kuongeza, jambo linalokwenda kinyume na huruma yote tuliyolelewa nayo. Mkenya aliyehamia Minnesota akautaka mti huu atalazimika kufuata kanuni hiyohiyo kwa ukali zaidi: auingize ndani kabla joto la usiku halijashuka chini ya nyuzi 10 hivi, kwa maana jalidi moja tu inatosha kuumaliza, auache uchi gizani miezi ile ya theluji karibu bila tone la maji, na autoe nje joto likirudi. Huko pia ndoo haikwepeki, ila anayefukuza mti ni baridi, si mwenye nyumba.

Maua huja kwenye ncha za matawi, na harufu yake huzidi usiku. Kuna hila ndani yake. Nondo wakubwa wenye mrija mrefu huvutwa na ile harufu wakidhani pana asali, wakazunguka ua hadi ua wakibeba chavua, na mfranjipani hauwapi chochote kwa sababu hauna hata tone. Binadamu naye hapati tunda la kula wala kuni za maana. Tumedanganywa pamoja na nondo, na mimi sina malalamiko.

Tawi likishachanua, ncha yake mara nyingi hugawanyika ikatoa matawi mawili au matatu, nayo yakichanua hugawanyika tena. Mti ulio kitaluni kwa hiyo unaweza kusomwa. Mrefu ulionyooka bila panda kwa kawaida haujawahi kutoa ua, hata muuzaji akiapa. Mfupi wenye panda moja mara nyingi umeshachanua, na msimu ujao una ncha mbili au tatu za kuchanulia badala ya moja. Wanunuzi wa Kisumu hupenda urefu, wakaulipia zaidi. Wewe chukua ule mfupi, hata ndoo yake ikiwa imepasuka ukingo, na ubishane bei mapema kabla mama hajajua kwamba umezihesabu panda.