Juu ya neno «polarizasio»

Siku hizi neno «polarizasio» limeingia katika mahubiri, katika masomo ya seminari, hata katika mikutano ya wakatekista. Vyama vikigombana, vijana wakibishana na wazee, hata makorali mawili yakishindana huku Naviundu, yote yaitwa polarizasio. Twaona yafaa kulichungua neno hili, kwani padri ao katekista asiyepima maneno yake huwapoteza watu, hata akiwa na nia njema.

Neno lenyewe limetoka kwa wataalamu wa fizika. Mwaka 1808 Mfaransa Étienne-Louis Malus aliitazama nuru ya jua iliyorudishwa na vioo vya madirisha, akaona si sawa na nuru nyingine. Leo twajua ya kuwa mawimbi ya nuru ya namna hiyo hutikisika upande mmoja zaidi. Malus akalipa jambo hilo jina la polarizasio. Wenye kazi ya umeme nao wakalitumia: katika pila ya Volta, mapovu ya hewa hushika bamba la shaba, na umeme hupungua nguvu. Mwishoni watu wa siasa wakalitwaa. Wao wanafikiri sumaku yenye ncha mbili, na watu kama unga wa chuma unaokimbilia huku na huku, hata katikati pasibaki kitu.

Maana hii ya siasa si ya bure. Tutazame Katanga yetu. Katika uchaguzi wa komini wa mwaka 1957 mjini Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, watu wenye asili ya Kasai walipata vyeo. Mwaka 1958 ikazaliwa Conakat, chama cha waliojiita wenyeji. Mwaka 1959 Balubakat ya Jason Sendwe ilitembea kwanza pamoja na Conakat, kisha mwezi wa Novemba ikajitenga. Toka hapo kila upande ulipata nguvu kwa kuuogopa upande mwingine, na mwenye kusimama katikati alishukiwa na wote wawili. Hapo neno polarizasio lafaa kweli.

Lakini kuna miaka ya 1992 na 1993. Gavana Kyungu wa Kumwanza na chama cha UFERI walihubiri ya kuwa Wakasai waondoke. Watu wakafukuzwa nyumbani na kazini, katika Likasi na Kolwezi hasa. Wengi wao walikuwa wamezaliwa huku huku. Walilala siku nyingi kwenye vituo vya gari la moshi pamoja na watoto; wengi wakafa hapo ao njiani. Tukiyaita hayo polarizasio, twasema uongo. Sumaku ina ncha mbili zenye nguvu sawa, wala hakuna ncha yenye kosa. Bali huku mmoja alifukuza, na mwingine alifukuzwa. Neno hili lamgawia aliyeumizwa nusu ya hatia.

Wengine watajibu: padri ni baba wa wote, basi atumie neno lisiloudhi mtu. Ni kweli, asiwashe moto. Lakini baba anayewaambia watoto wake «mmegombana», naye ameona mkubwa akimpiga mdogo, hajapatanisha kitu. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorinto juu ya mafarakano yao, aliyataja makundi waziwazi, kila moja na jina la yule waliyemfuata. Na yule aliyetenda uovu mkubwa kati yao, Paulo hakusema ni ubishi wa pande mbili.

Kwa hiyo, mbele ya kulitamka neno hili katika mahubiri, tujiulize: Je, pande zote mbili zavuta kweli, ao mmoja avuta na mwingine aburutwa? Tena, nani anapata faida watu wakitengana? Kiswahili chetu hakikosi maneno: kuvutana, farakano, ubaguzi, uchochezi, dhuluma. Kila moja lina uzito wake, na mama wa sokoni anayasikia yote bila kufasiriwa.

Hakuna mwenye kutubu atakayeungama polarizasio. Ataungama ya kuwa alimchukia jirani, ao alikaa katika nyumba ya mtu aliyefukuzwa, naye asiirudishe. Mahubiri yanayotaja dhambi kwa jina lake yamwonyesha mtu huyo njia ya kuungama. Tena yamwambia aliyefukuzwa ya kuwa Kanisa liliona.