Namna ya Kupambanua Ziara Njema ya Basi Mjini Moshi

Watu wa Moshi hawana haja ya kufundishwa kukodi basi. Arusi ya binti anayeozwa Same, msiba wa mzee aliyefia Dar es Salaam na kurudishwa kuzikwa kihambani kwake Rombo, kwaya iliyoalikwa na usharika wa mbali, na ule msafara mkuu wa Desemba ambapo aila nzima hupanda kutoka pwani kwenda kula Krismasi mlimani, yote haya yamewazoesha tangu zamani kuchanga fedha, kumteua mwenye dhamana, na kumkabidhi dereva roho zao. Iko, hata hivyo, safari ya aina nyingine ambayo wengi huinunua pasipo kuipima, nayo ni ziara ya kundi: watu ishirini au thelathini, wawe wanafunzi, wanachama wa chama cha kuweka na kukopa, au wageni kutoka ng'ambo, hukodi basi kwa siku moja ili wautazame mji na mitaa yake, pamoja na vijiji vya mteremkoni vilivyouzaa mji huo. Wanunuzi aghalabu huuliza habari ya viti, kipoza hewa na bei, kisha hutia sahihi. Rai yangu ni kwamba mambo hayo matatu ndiyo ya mwisho kuulizwa, kwa kuwa ubora wa ziara umo katika mpangilio wake: inaanzia wapi, inasimama mara ngapi, nani anasema na nani ananyamaza, na gari linateremshwaje mlimani.

Nianze na mwanzo wa njia, maana hapo ndipo mjuzi humtambua mara moja fundi na asiye fundi. Ziara nyingi huanzia kwenye Mnara wa Saa kwa sababu ni karibu na hoteli, kisha baada ya chai na picha hupanda mlimani yapata saa nne, wakati ambapo Kibo, kilele cha mlima, amekwisha kujifunika wingu na hatarajiwi kujifunua tena mpaka jioni. Ziara njema hufanya kinyume. Huondoka mjini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hupita Kiboriloni kabla soko halijachangamka, na hupanda moja kwa moja hadi Old Moshi, ambako watu hushuka garini ilhali theluji ya kileleni bado inaonekana wazi katika nuru ya jua changa.

Wingu ni sababu moja. Tarehe ya mji ni sababu iliyo kubwa zaidi. Mji huu ulitoka juu ukateremka chini. Kabla ya reli, Moshi iliyojulikana na misafara ya pwani na wasafiri wa Kizungu ilikuwa huko Old Moshi, enzini kwa mtawala wake, Mangi Rindi, ambaye katika vitabu vya wasafiri hao huitwa Mandara. Baada yake alitawala mwanawe, Mangi Meli, ambaye mwaka 1892 askari wake walilishinda jeshi la Wajerumani na kumwua kamanda wake, von Bülow, hata Wajerumani wakalazimika kurudi mwaka uliofuata kwa nguvu kubwa zaidi ndipo wakaweza kumtiisha. Boma la Kijerumani lilisimama huko huko juu. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilipofika hatimaye mwaka 1911, iliishia bondeni, kwenye tambarare iliyo takriban mita 800 juu ya usawa wa bahari, na serikali, maduka na soko vikaifuata reli. Kwa hiyo mwenye kuanza ziara juu na kuimalizia stesheni anawapitisha abiria wake katika njia ile ile ambayo mji wenyewe uliipita, na mtu afikapo stesheni huwa amekwisha kufahamu ni kwa nini mji upo pale ulipo, hata kama hakuna aliyemweleza.

Kipimo cha pili ni Tsudunyi, huko huko Old Moshi, mahali ulipo mti ambapo Mangi Meli alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900 pamoja na wakuu na mashujaa wengine wa Kichaga na wa Kimeru. Hapa ndipo kiongozi wa ziara hupimwa kuliko popote. Yule aliye dhaifu huliacha gari likinguruma, hushika kipaza sauti, husimulia kisa chote abiria wakiwa vitini, kisha huwapa dakika tano za kupiga picha. Nimewahi kushuhudia jambo hilo, na nilimwona mama mmoja mzee wa pale kijijini akisimama kando ya njia na mzigo wake wa majani ya ng'ombe kichwani, akiwatazama watu waliotajiwa kifo cha jamaa zake kupitia kioo. Kiongozi aliye mahiri humwomba dereva azime injini mbali kidogo na mahali penyewe, ili watu watembee hatua za mwisho kwa miguu. Humwamkia kwanza mwenyeji kwa heshima ipasayo umri wake, humtambulisha kwa wageni, kisha humwachia yeye neno. Hajazi ukimya. Akiulizwa habari ya kichwa cha Mangi, ambacho wazee husema kilipelekwa Ujerumani na ambacho wazao wake wamekuwa wakikitafuta kwa miaka mingi, hujibu kwa taadhima yale anayoyajua na hukoma hapo. Mwenye kutaka kuijua ziara kabla ya kuinunua na aulize jambo moja tu: mtakaa Tsudunyi kwa muda gani? Akijibiwa chini ya nusu saa, amekwisha kupata jawabu la maswali mengine yote.

Katika kuteremka, ziara njema husimama mara moja tu penye kihamba, nacho kiwe cha mtu anayeishi humo na kukilima, si bustani iliyopambwa kwa ajili ya wageni. Kihamba cha Mchaga kimepangwa kama nyumba ya ghorofa: juu miti mikubwa ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, na ardhini kabisa maharage, magimbi na viazi, huku ng'ombe wakiwa zizini wanakatiwa majani na kurudisha samadi shambani. Anayeongoza kwa ujuzi hataanza na mbuni, ingawa ndio unaojulikana duniani. Ataanza na mfereji. Mifereji hii, iitwayo mifongo kwa wenyewe, huteka maji katika mito ya mlimani na kuyapitisha kiunoni mwa kilima hadi vihambani, na wenye kuitumia walijiwekea wao wenyewe kanuni za zamu na za kazi ya kuizibua. Mgeni akikaa kidogo hapo, akayaona maji yakielekezwa huku kwa kuondolewa bonge la udongo na majani ya mgomba, kisha yakizuiwa na kuelekezwa kule, atakuwa ameona utawala ulio wa kale kuliko boma lolote. Aonyeshwe pia masale, mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani, ambao jani lake hupelekwa kwa mtu uliyemkosea unapokwenda kumwomba radhi. Mbege, ile pombe ya ndizi, ikiwapo, na inywewe kwa kata, kwa wakati wake na pamoja na wenyeji. Ikigeuzwa mchezo wa kuigiza kwa watalii, ni afadhali ikosekane.

Sasa nije kwa dereva, ambaye miongozo mingi humsahau. Chagua basi dogo la aina ya Kosta, maana basi kubwa la masafa marefu haligeuki kwa usalama katika njia za vijijini, na kundi linalozidi watu thelathini haliwezi kumsikia mzee asemaye kwa sauti yake ya kawaida. Asubuhi, kabla ya kupanda, mtazame dereva: je, anazunguka gari lake na kuinama kutazama tairi, hata zile za ndani za nyuma, au anaegemea mlango akingoja? Tairi iliyo kipara ni sababu tosha ya kuvunja mapatano papo hapo. Lakini mtihani wenyewe ni mteremko. Dereva stadi huingiza gia nzito kabla hajafika ukingoni mwa kilima, wakati gari bado linatii, na tangu hapo injini ndiyo inayolizuia gari. Utaisikia ikivuma kwa sauti moja tulivu, na mguu wake utagusa breki kwa nadra, kwa kukanyaga na kuachia. Asiye stadi hushuka kwa gia nyepesi akikandamiza breki mfululizo, na baada ya kona chache harufu ya moto, kali na ya kuchoma puani, huingia madirishani. Ukiisikia harufu hiyo, mwambie mwenye dhamana ya kundi amsimamishe dereva mahali tambarare, breki zipoe, na wala asione haya. Wakati wa masika, udongo mwekundu ukilowa, dereva mwenye staha na kazi yake atakataa baadhi ya njia ijapokuwa amekwisha kulipwa; dereva wa namna hiyo msamehe njia na umshukuru.

Mjini, kiongozi hupimwa kwa habari ya ushirika. Atawaonyesha jengo la KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, na atasema, kama wasemavyo wote, kwamba chama kikuu hicho kiliandikishwa mwaka 1933 na ni miongoni mwa vya kwanza vya Waafrika barani. Hayo ni kweli, lakini ni nusu ya kisa. Mjuzi hurudi nyuma hadi mwaka 1925, Wachaga wenyewe walipoanzisha chama chao cha wakulima wa kahawa, rais wake akiwa Joseph Merinyo, wakiungwa mkono na Charles Dundas, ofisa wa serikali ya kikoloni ya Kiingereza, huku walowezi wakichukizwa kumwona Mwafrika akipanda zao lililowatajirisha wao. Kisha hataruka mwaka 1937, wakulima walipofanya ghasia dhidi ya ushirika wao wenyewe kwa sababu walilazimishwa kuuza kahawa kwa njia moja tu kwa bei wasiyoiridhia. Wala hatanyamazia mwaka 1976, serikali ilipovifuta vyama vya ushirika nchini, na jinsi KNCU ilivyorejea mwaka 1984. Muulize kwa adabu habari ya 1937. Akishangaa kusikia kwamba kulikuwa na ghasia, basi amejifunza kutoka katika karatasi ya matangazo.

Baada ya hapo basi na liegeshwe, na kundi litembee. Mitaa ya katikati, yenye maduka ya Kihindi na roshani zake, misikiti, makanisa na hekalu vinavyokaribiana, haisomeki kupitia dirishani. Majengo, mtaa ambako Waafrika waliofuata kazi za reli, za maduka na za mashamba walijipatia makazi, patembelewe alasiri, watu watokapo kazini na wauza samaki wawashapo majiko. Na watembezwe katika makundi ya watu wanane wanane, pasipo kumpiga mtu picha kabla ya kumwomba. Soko la Mbuyuni na lile la mitumba la Memorial humfunza mgeni biashara ya mji huu kuliko hotuba yoyote. Shanty Town, yenye miti yake ya mijakaranda na nyua zake pana, mtaipita garini bila kusimama. Inatosha kuona jinsi wakoloni walivyojitengea hewa baridi na nafasi. Chakula cha mchana kisiwe cha anasa: mtori, au machalari yaliyopikwa na mama ntilie anayejulikana, vitatosha, na vitaacha fedha mahali zinapohitajika.

Stesheni iwe ya mwisho. Treni ya abiria ilikuwa imekoma kwa miaka mingi, ikarudi mwishoni mwa 2019, na mara nyingi utawakuta hapo wazee wanaoikumbuka njia ya Tanga walipokuwa vijana. Kiongozi mwenye akili huwa amekwisha kupatana nao mapema.

Kuhusu malipo, usitoe amana kabla hujaandikiwa mafuta ni ya nani, dereva na kiongozi watakula wapi, saa ya kurudi ni ipi na ziada yake ni kiasi gani. Kisha uliza kijiji cha huko Old Moshi kitapata nini, na mwenye kihamba atalipwa na nani, mkononi au kwa ahadi. Ofisi iliyo njema itakutajia kiasi bila kusita, pamoja na jina la mwenyekiti wa kijiji anayekipokea, nawe unaweza kumpigia simu siku moja kabla ya safari. Lipa nusu siku ya kufunga mapatano, na nusu iliyobaki basi litakaporejea mjini.