Hazina Bila Kopo

Tarehe 3 Mei 2000, Dave Ulmer alichukua ndoo nyeusi ya plastiki, akatia humo vikorokoro, miongoni mwake vitabu, kombeo na kopo la maharage, akaificha porini karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon nchini Marekani. Kisha akatangaza kwenye intaneti latitudo na longitudo ya mahali pale. Siku iliyotangulia, serikali ya Marekani ilikuwa imeacha kuyavuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS ya raia. Kosa lililofika mita 100 likashuka hadi mita kumi au ishirini. Ulmer alitaka kujua kama mtu asiyemfahamu angeongozwa na namba tupu. Mike Teague aliifikia ndoo baada ya siku chache. Ndivyo ulivyozaliwa mchezo wa jiokashingi, ambao leo una vificho zaidi ya milioni tatu duniani.

Hapa Juba, Sudan Kusini, ndoo hiyo haifai hata kidogo.

Watoto wa hapa hufundishwa kwamba kitu wasichokijua kikiwa chini hakiguswi: unarudi ulikotoka, unamwambia mtu mzima. Vita viliacha mabomu ya kutegwa ardhini na makombora ambayo hayakulipuka, na ghala la silaha lililolipuka mjini mwaka 2005 halikupunguza tatizo. Mchezo wa kumzoeza kijana kupenyeza mkono chini ya mawe ungelibomoa somo hilo kwa wikiendi moja. Lakini sioni sababu ya kuuacha. Ndoo ilikuwa sehemu yake nyepesi kuliko zote. Tangu miaka ya mwanzo kumekuwa na vificho visivyo na chombo: unafika, unatazama, unajibu swali la aliyekualika. Kwa maoni yangu, ufundi wenyewe umo humo.

Tuanze na namba. Juba iko karibu na latitudo 4°51' kaskazini na longitudo 31°36' mashariki. Dakika moja ya latitudo ni takriban kilomita 1.85, na wachezaji huigawa mara elfu, hivyo tarakimu ya mwisho haizidi mita mbili. Kwa kuwa tuko jirani na ikweta, dakika ya longitudo nayo ina urefu karibu ule ule. Oslo ni nusu yake. Tembea kutoka Gudele kuelekea mtoni ukiangalia simu, utaona longitudo ikipanda hatua kwa hatua. Bando si lazima, maana simu inapokea tu mawimbi ya setilaiti. Pakua ramani ya OpenStreetMap nyumbani kabla ya kutoka. Chini ya mwembe mnene au kando ya ukuta wa mabati namba zitarukaruka. Subiri, soma tena, usiamini ya kwanza.

Hayo mtu hujifunza asubuhi moja. Kinachochukua muda ni kutunga swali, na hapa watu wa Juba wana akiba kubwa. Nyumba nyingi hazina namba, kwa hiyo ukimwelekeza dereva wa boda boda aje Munuki au Hai Malakal lazima uchague: kanisa, tangi la maji, kibanda cha chai. Anayechagua vibaya hupigiwa simu mara tano. Anayechagua vizuri ameshakuwa fundi bila kuambiwa.

Chukua Gondokoro, ng'ambo ya mto, ambako Februari 1863 wavumbuzi Speke na Grant walikutana na mwenzao Samuel Baker baada ya safari ndefu kutoka kusini, latitudo zikipimwa kwa sekstanti njiani. Unaweza kuuliza: ukitazama mto kutoka ukingoni, maji yanaelekea mkono wako wa kulia au wa kushoto? Ni swali zuri kwa mtoto, ila mtu mzima mwenye ramani atalijibu akiwa kitandani. Napenda zaidi hili: saa sita mchana, kivuli cha nguzo ya bendera ya shule kinaangukia upande gani? Tangu Februari 2021, Sudan Kusini iliporudisha saa zake nyuma kwa saa moja, adhuhuri ya saa na adhuhuri ya jua zinakaribiana sana hapa. Juni kivuli huenda kusini, Desemba huenda kaskazini, na mapema Aprili karibu kinatoweka miguuni. Mwambie mgeni akipime kwa hatua, alete urefu na tarehe. Hakuna ukarabati utakaolifuta swali hilo, na wala halimtaki aguse kitu.

Daraja, uwanja wa ndege, kambi na wizara uziache kabisa. Mtu anayezungukazunguka huko huku akikodolea simu atakuwa na mengi ya kueleza, na picha zitamponza zaidi. Uwanja wa kanisa au shule una mwenyewe, kwa hiyo mwombe ruhusa kabla ya kutangaza namba zake. Porini nje ya mji usimpeleke mtu, hata kama njia inaonekana kukanyagwa.

Anza na mtaa wako. Na ukipata jibu la mwenzako, usilimwage hadharani. Mtumie aliyeuliza peke yake, ili anayekuja nyuma yako naye atembee.