Mabano ya Mbinga na Nyasa

Mwaka 2012, Wilaya ya Nyasa ilipokatwa kutoka Wilaya ya Mbinga na makao yake makuu yakawekwa Mbamba Bay, kata za mwambao wa Ziwa Nyasa kama Liuli na Lituhi zilihama katika daftari bila ya kusogea hata shubiri. Na mtu atakaye kuyahifadhi mabadiliko hayo katika kompyuta aghalabu huandika mstari mmoja tu, nao ni huu, kwa kuchukua kata chache:

[Ruvuma, [Mbinga, Litembo, Maguu], [Nyasa, Liuli, Lituhi, Mbamba Bay]]

Msomaji huona mara moja mkoa, wilaya na kata, ilhali mashine haioni ila herufi zilizofuatana, na kazi ya mwandishi wa programu ni kuufanya mfuatano huo uwe orodha zilizomo ndani ya orodha, kila moja ikitanguliwa na jina la mwenyewe. Wengi huanza kwa kuukata mstari kila penye mkato, wakaambulia vipande kama «[Mbinga» na «Maguu]», ambavyo mabano yamegandamana navyo na habari ya nani yuko chini ya nani imepotea. Na akataye penye nafasi huzidisha balaa, maana huipasua Mbamba Bay ikawa miji miwili.

Njia iliyo sahihi ina umri mkubwa kuliko wengi wadhanivyo. Wajerumani wawili, Friedrich Bauer na Klaus Samelson, waliombea hataza mwaka 1957 kanuni ya kuweka rundo ambalo kilichoingia mwisho ndicho kitokacho kwanza, mfano wa magunia ya kahawa yaliyopangwa ghalani; na mwaka uliofuata, huko Marekani, John McCarthy alianza kuibuni Lisp, lugha ambayo programu zake zenyewe huandikwa kwa orodha zenye mabano.

Tafsili yake ni hii. Programu husoma herufi moja baada ya moja: ikikuta bano la kufungua, huunda orodha mpya, huitia ndani ya orodha iliyo juu ya rundo, kama ipo, kisha huipandisha yenyewe juu, ikikuta herufi ya kawaida, au nafasi, huiunga na jina linalojengwa, ikikuta mkato, hulipunguza jina nafasi za kingoni na kulitia katika orodha ya juu, na ikikuta bano la kufunga, huishusha orodha hiyo. Hapa ndipo wanagenzi wanapoteleza, kwa kuwa jina la mwisho, Mbamba Bay, halifuatwi na mkato bali na bano, na asiyeliandikisha jina kabla ya kuishusha orodha huyapoteza makao makuu ya wilaya nzima. Kinyume chake, mkato uliofuata bano la Mbinga haukuti jina lolote, nao hauna budi kupuuzwa, ama sivyo kata isiyo na jina itazaliwa.

Lugha ya Python, tangu toleo la 2.6 la mwaka 2008, ina zana tayari za kazi hii, json na ast.literal_eval, nazo zatosha maadamu majina yametiwa katika alama za kunukuu. Walakini kuitumia eval, zana nyingine ya Python, simshauri mtu, kwani hutekeleza amri yoyote iliyofichwa katika maandishi.

Mwisho wa mstari rundo likiwa bado lina kitu, au bano la kufunga likija rundo likiwa tupu, programu na ikatae, itaje na mahali. Lakini tazama mstari ambao bano la baada ya Maguu limesahauliwa: programu italalamika mwishoni kwamba bano moja halikufungwa, karani mwenye haraka ataliongeza pale pale mwishoni, hesabu itatimia, wala hakuna kanuni itakayopinga, na Nyasa, pamoja na Liuli na Lituhi, itakuwa imerudi chini ya Mbinga.